Kauli ya Avril Ilivyokatwa

Avril Stubbs hakuwahi kumbishia mgeni usoni. Watu wa Skelthorpe, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza ambako mvua hupiga kwa ubavu, ndivyo walivyolelewa. Mtu akikwambia leo kuna baridi, unasema kweli, baridi kali, hata kama jasho linakutiririka mgongoni. Akisema nchi imeharibika, unasema ndiyo hivyo tena, kisha unamuuliza kama anatia sukari kwenye chai. Si kwamba umekubali. Ni adabu tu, na kila mtu pale analijua hilo. Waliokuja na kamera nao walilijua, tena vizuri sana.

Walimkuta sokoni Jumamosi asubuhi, mfuko wa viazi mkononi. Mbunge wa Skelthorpe alikuwa amejiuzulu, uchaguzi mdogo ulikuwa unakaribia, na televisheni ya Mnara ilikuwa imemtuma mwandishi aitwaye Tamsin aje kusikia watu wa kawaida wanasemaje. Tamsin alikuwa na koti zuri na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Alimuuliza Avril nini kinamuuma.

Avril alifurahi mno. Siku nyingi alikuwa akitafuta mtu wa kumsikiliza. Akamwaga yote: zahanati iliyofungwa, basi lililoondolewa, na mumewe Clifford, ambaye ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemla mpaka kumeza kukawa kazi. Akasema alimwahidi Clifford kwamba hatampeleka kwenye nyumba ya wazee, atamuuguza nyumbani kwake mpaka mwisho.

"Na kama si Rutendo, mimi na Cliff tungeshazikwa," alisema. "Ametoka Zimbabwe. Anakuja asubuhi na jioni. Yeye peke yake ndiye anayejua kumlisha bila chakula kumpalia."

Tamsin alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, mama. Na ile hoteli ya ufukweni iliyojazwa wakimbizi? Mtu si anajiona mgeni kwenye mji wake mwenyewe?"

"Eh, kweli mwanangu, mtu unajiona mgeni kwenu," Avril akaitikia, vile vile ambavyo angeitikia habari za mvua. "Ila hao mimi sina ugomvi nao. Zahanati ndiyo inayo..."

"Asante sana, mama. Umesema vizuri mno."

Jioni, Rutendo alikuwa ameketi mbele ya Clifford na bakuli la viazi vilivyopondwa, akimpa kijiko kidogo, akilitazama koo mpaka chakula kishuke, akimpa kingine, huku akimtania. "Kula, Mzee Cliff, nataka tukacheze dansi mimi na wewe." Clifford akawa anacheka kwa macho, maana mdomo haukumtii tena. Simu ikalia. Alikuwa Noreen, jirani wa ukuta wa pili.

"Shoga, washa Mnara! Leo wewe nyota!"

Avril akawasha. Uso wake ulijaa kioo kizima, nywele zimepeperushwa na upepo, mfuko wa viazi umekatwa nje ya picha. "Mtu unajiona mgeni kwenu," alisema yule Avril wa kwenye kioo. Baadaye ikaja picha ya wanaume weusi wawili wakivuta sigara mlangoni mwa hoteli, na muziki wa chini kwa chini wa kutia hofu. Swali la Tamsin halikuwepo. Zahanati haikuwepo. Rutendo ndiyo kabisa, kama hajawahi kuzaliwa.

Avril alihisi damu ikimpanda usoni. "Wamekata," alisema. "Rutendo, wallahi wamekata. Nilikutaja. Nilikusifu."

"Najua, Mama." Rutendo alimfuta Clifford kidevu. Alimfuta taratibu, lakini utani wa dansi ulikuwa umekwisha.

Jumatatu Avril alipiga simu Mnara. Kijana mmoja alimwambia malalamiko yake yamepokelewa, kisha akauliza kama angependa kuja studio abishane na mtu wa upande wa pili. Avril akasema hataki kubishana, anataka waonyeshe alichosema. Kijana akasema atalifikisha. Atalifikisha wapi, hakusema. Avril akajaribu gazeti la mji. Ofisi yake siku hizi ni duka la sigara za umeme zenye moshi wa matunda, na mhariri anakaa mji mwingine kabisa. Wale wa upande wa pili nao hawakuwa na afadhali. Gazeti moja la London, la wasomi wanaojiona safi, lilitoa picha yake na maneno "Bibi wa chuki" juu yake, na hakuna aliyejisumbua kumpigia simu kumuuliza. Kila upande ulikuwa umepata bibi ambaye ulikuwa unamtafuta.

Halafu akaja Crispin Vane.

Huyu ndiye aliyekuwa akigombea kwa chama cha Sauti ya Nyumbani. Amesoma shule za ada ya kutisha, ametajirika kwa kucheza na fedha za watu London, na tangu uchaguzi utangazwe akawa anavaa kofia ya mkulima na kulaani matajiri wa London. Watu walimpenda, na mimi siwashangai. Mtu aliyesahauliwa miaka na miaka akiona wa kwanza kupiga hodi, hamuulizi ametokea wapi.

Avril alipomwona dirishani alikuwa ameshajiandaa. Maneno alikuwa ameyapanga tangu asubuhi: wewe si rafiki yangu, ondoa jina langu mdomoni mwako. Akafungua mlango. Mvua ilikuwa inamwagika, na bwana mkubwa amelowa chapachapa, maji yanamtiririka puani.

"Shikamoo, Bi Avril. Nisamehe kukusumbua. Hali gani hii ya hewa!"

"Mbaya kweli," alisema Avril. Na kwa kuwa alizaliwa pale na kulelewa pale, na mama yake angefufuka kumchapa kama angemwacha mtu amelowa mlangoni, akaongeza, "Ingia, utaugua. Nikuwekee chai?"

Alidhani angemwambia baada ya chai. Alipokuwa anamkabidhi kikombe, mpiga picha aliyekuja na Vane akabofya. Vane alimvika kilemba cha ukoka, akamwita mama wa taifa, na Avril alipokusanya nguvu na kuanza, "Bwana Vane, mimi sikusema vile," alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Usiogope, mama. Najua wanavyokutisha. Hutasimama peke yako."

Alikunywa chai nusu, akaenda zake. Wiki hiyo hiyo kila nyumba ya Skelthorpe ilipata karatasi yenye picha ya Avril akitabasamu na kikombe mkononi, na chini yake: *Avril amechoka. Na wewe?*

Alizikusanya alizoweza. Alikwenda mlango kwa mlango akiwaeleza watu kwamba ni uongo. Wakamkaribisha, wakamwambia ni kweli, Bi Avril, ni kweli kabisa, ni vibaya sana walivyokufanyia. Alipogeuka, karatasi waliyoibandika ikabaki dirishani palepale. Hapo ndipo alipojua jinsi adabu ile inavyouma ukiwa upande wa kupokea.

Vane alishinda. Usiku wa matokeo vijana walikwenda kwenye ile hoteli na mawe, na walipozuiwa na polisi wakarudi mitaani kutafuta wengine wa kuwapiga. Rutendo alikuwa anakaa Mtaa wa Cooper, juu ya duka la kinyozi. Asubuhi hakuja. Avril alimwomba Noreen akae na Clifford, akaenda kwa miguu.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa ubao. Rutendo alifungua mlango na mnyororo ukiwa bado umefungwa, akamwona, akautoa. Ndani, nguo zilikuwa zimeshapangwa kwenye masanduku.

"Nakwenda kwa dada yangu, Leeds," alisema. "Samahani, Mama, sikupiga simu. Sikujua nianzie wapi."

"Rutendo, wewe unanijua."

"Nakujua sana."

"Unajua walikata."

"Najua, Mama. Nilijua tangu siku ile." Alikaa juu ya sanduku. "Lakini waliokuja jana hawajui. Walikuwa wanaimba jina lako. 'Avril amechoka, Avril amechoka,' huku wanarusha mawe. Mimi nimejificha bafuni nasikia jina la mtu ninayemlishia mume. Nifanyeje sasa?"

Avril alitaka kumwambia abaki. Alitaka kumwambia kwamba bila yeye Clifford hatakula. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Walikumbatiana. Rutendo ndiye aliyelia.

Kampuni ya wauguzi haikupata mtu mwingine. Waliobaki wengi walikuwa wametoka mbali kama Rutendo, na hakuna aliyekubali kuingia nyumba ya bibi wa kwenye karatasi. Avril alijaribu kumlisha mwenyewe. Alimpa kijiko haraka mno, au kikubwa mno, na Clifford akapaliwa mpaka uso ukawa wa bluu. Siku ya pili alipaliwa tena, gari la wagonjwa likaja, na kutoka hospitali wakampeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee, mji wa jirani. Hivyo ndivyo ahadi ilivyovunjika. Avril hakuulizwa.

Alipokwenda kumwona mara ya kwanza ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Clifford alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, na mbele yake msichana kutoka Kerala, India, jina lake Jincy, akimlisha kijiko kidogo kidogo, akilitazama koo mpaka chakula kishuke. Alikuwa anaijua kazi. Avril alipumua kwa mara ya kwanza tangu Rutendo aondoke.

Jincy akainua macho. Akamtambua. Akarudisha kijiko bakulini.

"Mama, mimi nina kibali," alisema harakaharaka. "Kila kitu halali. Namtunza kama baba yangu, waulize wote. Au nimwite mwingine amlishe? Yupo Mwingereza mmoja zamu hii."

"Hapana, mwanangu. Hapana. Mimi siyo... walikata maneno yangu. Endelea, tafadhali."

"Ndiyo, Mama. Kweli, Mama," alisema Jincy, akitabasamu, na Avril akaona kwamba hakuamini hata neno moja.

Akaendelea. Lakini kabla ya kila kijiko alimtazama Avril kwanza, akiomba ruhusa kwa macho, na kwa kumtazama yeye hakulitazama koo la Clifford. Clifford akakohoa. Akakohoa tena, uso ukamwiva. Jincy akampigapiga mgongo, huku anaomba msamaha, si kwa mgonjwa bali kwa mke wake.

Avril akainuka, akambusu mumewe kipajini, akatoka ukumbini na kufunga mlango nyuma yake, ili Clifford aweze kula.