Mhimili wa Mwaka 1949

Wiki nzima Edmée Perrenoud alikuwa na saa ya babu wa baba yake mezani, vipande vyake vikiwa vimefunikwa kwa vikombe vya kioo, na hakuwa ameona lolote la kulalamikia. Jambo hilo lilimkera kidogo, maana mafundi saa wa bonde la La Sagne huanza kazi kwa kumsema fundi aliyewatangulia.

Ilikuwa saa ya mfukoni ya fedha, ya kutiwa ufunguo. Ulysse Perrenoud aliitengeneza kwa majira mawili ya baridi, hadi mwaka 1874, ng'ombe wake wakicheua upande wa pili wa ukuta. Uso wake wa enameli ulikuwa na ufa mmoja mwembamba kuanzia namba tano hadi katikati. Mishale ilikuwa ile ile ya mwanzo. Ndani, kingo za kila kipande zilipigwa tupa kwa mshazari mmoja na kusuguliwa hadi zikang'aa, hata zile ambazo mwenye saa asingeziona mpaka anakufa. Ulysse alikuwa na miezi mitano ya theluji na hakuwa na pa kwenda.

Makumbusho ya mjini yaliiomba saa hiyo, na pamoja nayo kadi inayoeleza hali yake: nani aliiunda, nini kiliharibika, nani alitengeneza. Edmée alijaza kadi yote isipokuwa mstari wa uharibifu. Kwa matengenezo hakupata taabu. Kila fundi wa bonde lile akishamaliza kazi hukwaruza kwa sindano, ndani ya mfuniko wa nyuma, herufi za jina lake na mwaka. Katika mfuniko huu zilikuwamo alama sita, na mbili za mwisho alizijua kama anavyoujua mwandiko wake mwenyewe: G.P. 1949, na chini yake G.P. 1951. Gédéon Perrenoud, baba yake. Kibao cha mlangoni kilikuwa bado kinasema "Gédéon Perrenoud na Binti", ingawa Gédéon alikuwa kaburini mwaka wa kumi na tisa sasa.

Habari ya 1951 hakuhitaji kuisoma kwenye mfuniko. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kaka yake Numa, mwenye kumi na sita, mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye meza hii hii, aliambiwa aitoe mizani ya saa, lile gurudumu linalokwenda na kurudi, na ncha ya mhimili wake ikakatika. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya watu wote waliokuwa mezani, "Wewe ni nyundo. Nenda kwenye jibini." Jumatatu yake Numa alikuwa kiwandani kwa mtengeneza jibini, na Edmée alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Numa. Kijiji kizima kilimwita Nyundo tangu siku hiyo. Baba alipofariki, aliacha karakana kwa Edmée na saa hiyo kwa Numa, na watu wakasema mzee hakuacha utani hata kwenye wosia.

Alhamisi asubuhi, theluji ikiporomoka vipande vipande kutoka paani, Numa alipanda ngazi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaweka kipande cha jibini kwenye rafu ya vitabu.

"Kaka, jibini kwenye vitabu?"

"Ni kikavu, hakitalowesha kitu. Kitakufundisha harufu ya kazi." Alisimama nyuma ya kigoda, mikono mfukoni. Tangu mazishi ya Baba hakuwa ameingia chumba hiki; hata saa yenyewe aliituma kwa mtu. Sikukuu walikutana kwake, kamwe si hapa. "Imekwisha?"

"Imebaki mizani tu. Naitia sasa hivi ukitaka kuona."

"Ngoja kwanza. Ile kadi umeandika?"

"Karibu."

Numa alitoa kiberiti mfukoni, na ndani ya kiberiti karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa ya kahawia. Aliiweka mezani kwa kidole kimoja.

"Ule mhimili," alisema. "Niliuokota siku ile Baba alipoutupa. Waupe watu wa makumbusho, wauweke kando ya saa. Na uandike ni mimi niliyeuvunja. Jina kamili. Sitaki mtu aje kusema Baba aliiharibu saa ya Ulysse."

Edmée alihisi uso wake ukiwaka kwa aibu ambayo hakuijua ni ya nani. Miaka arobaini na saba mtu anatunza kipande cha chuma kifupi kuliko punje ya mchele, ili asije akasahau kwamba hafai. Alimpenda kaka yake wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda. Alikunjua karatasi. Alivaa lenzi jichoni akakitazama kipande.

Mkatiko ulikuwa mnyoofu, wenye chembechembe za kijivu. Alitazama tena. Ncha ya mhimili iliyotengenezwa sawasawa ikigongwa hupinda kwanza, na fundi mwenye subira huinyoosha. Hii haikupinda hata kidogo.

"Unaona nini?" Numa aliuliza.

"Subiri."

Aliubana mhimili kwenye koleo dogo, akachukua tupa laini kuliko zote, akaipitisha mara moja. Tupa iliteleza. Akaipitisha tena, akibonyeza. Iliteleza tena, ikaacha chuma bila hata mkwaruzo.

Hakuna aliyepita kwenye meza ile asiyejua maana yake. Chuma cha pua ukikichoma hadi kiwe chekundu na kukizamisha kwenye mafuta, kinakuwa kigumu na kinavunjika kama kioo. Ni lazima kirudishwe motoni taratibu, kipite njano, kahawia, zambarau, mpaka kiwe buluu, ndipo kisuguliwe. "Buluu kwanza," Baba aliwakaririsha asubuhi na jioni, hata wakati wa supu. Na mhimili huu wa 1949, kazi ya mkono wa Baba, haukuwahi kuiona buluu. Ungemvunjikia yeyote. Ungeweza kuvunjika mwenye saa akishuka ngazi.

Edmée aliinua macho, akakutana na picha ya Baba juu ya dirisha, miwani kwenye paji la uso. Mkono ule ndio uliomfundisha kila kitu anachokijua. Angeweza kukikunja kile kikaratasi, aseme asante kaka, aandike kama alivyoombwa, na kibao cha mlangoni kibaki kama kilivyo. Numa asingejua. Tena alikuwa ameshazoea. Wazo hilo la mwisho hakuweza kulivumilia.

Alimnyooshea koleo na tupa. "Jaribu wewe."

"Nijaribu nini? Mimi wa jibini."

"Ulikaa hapa miaka miwili. Jaribu."

Numa alipokea. Vidole vyake vilikuwa vinene na vyekundu kwa maji ya chumvi, lakini vililishika lile koleo kama zamani. Alipitisha tupa. Alisita. Aliipitisha tena, akiwa ameinamisha kichwa upande, kama afanyavyo ghalani anapogonga jibini zima la mviringo kwa kinyundo chake kusikia kama lina tundu ndani.

"Inateleza," alisema.

"Ndiyo."

"Haukurudishwa motoni."

"Haukurudishwa."

Theluji nyingine iliporomoka. Numa aliweka tupa chini, sambamba kabisa na nyingine, mahali pake.

"Baba alijua?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa. Edmée alifunua kikombe cha kioo, akamvalisha lenzi yake, akamwonyesha mizani na mhimili ulio ndani yake sasa, ule wa 1951. Chini ya bega la mhimili, mahali ambapo kisuguo hakifiki, palikuwa na duara jembamba la rangi. Kwa wiki nzima alikuwa ameliona bila kulitilia maanani, maana ndivyo inavyotakiwa kuwa.

"Buluu," Numa alisema.

"Hakuna fundi atengenezaye mhimili mwingine bila kuukagua uliovunjika, na huu akaurudisha motoni. Alijua wiki ile ile, kaka. Akanyamaza."

Numa alivua lenzi. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. "Ndiyo maana aliniachia saa," alisema. "Na mimi nilidhani ananicheka. Mzee mpumbavu. Angefungua mdomo tu."

"Mimi nimekalia kigoda chako."

"Umekikalia vizuri. Mimi nisingevumilia wateja." Alipangusa pua kwa kiganja. "Utaandika nini?"

Edmée alivuta kadi, akaandika huku akisoma kwa sauti ili asije akarudi nyuma: mhimili wa mizani, kazi ya Gédéon Perrenoud, 1949, haukurudishwa motoni, ukavunjika 1951 bila kosa la aliyeushika. Jina la baba yake aliliandika kwa kirefu. Lilimuuma, akaliacha lilivyo.

Kisha aliinuka. "Kaa."

"Acha mzaha."

"Mizani haijatiwa. Kaa, Nyundo."

Alikaa. Miguu yake ilikuwa mirefu kwa kigoda kile. Alishika kibano, akavuta pumzi, akaishusha mizani hadi ncha ya chini ikaingia kwenye tundu la rubi yake, akaweka juu daraja, kile kibamba cha kuishikilia, akajaribu kwa ukucha kama ncha ya juu imekaa, ndipo akakaza skrubu.  Edmée alimpa ufunguo. Kwa mzunguko wa tatu, gurudumu lilijitikisa, likaanza kwenda na kurudi.

Walilisikiliza. Halafu Edmée alimpa sindano na mfuniko.

"Niandike wapi?"

"Chini ya Baba. Nafasi ipo."

Aliinama, akakwaruza taratibu, akapuliza vumbi la fedha. Edmée alivaa lenzi akasoma: N.P. 1998. Herufi zilikuwa nyoofu, na nyembamba kuliko zote mfunikoni.