Nyumba Iliyowasindikiza Hadi Mpakani

Jumamosi asubuhi Fortunat Bahizire alimvisha binti yake Huguette soksi nyeupe za Jumapili, akampaka vazelini miguuni, akamwambia kwamba leo wanakwenda kutembea Uvira, ng'ambo, Zaire. Huguette alikuwa na miaka minane, na tangu apate akili alikuwa akiitazama milima ya Uvira kutoka uwanja wao katika mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, ya buluu kila jioni, akiuliza nani anaishi kule na kama nao wanasoma shule. Alifurahi mpaka akavaa viatu kinyume. Baba yake alimvua, akamvisha upya, wala hakumcheka.

Ukweli ni kwamba hawakuwa wanakwenda kutembea. Jana yake jioni askari mmoja aitwaye Zénon alifika karakana ya Fortunat, maana Fortunat alikuwa seremala, akajifanya anaulizia kitanda alichoagiza. Kumbe hakukijia kitanda. Alipapasa ubao wa mkaratusi, akasema bila kuinua macho kwamba Jumapili watapita mtaa huu, Fortunat amtoe mtoto wake. Akaongeza kuwa asimwambie mwingine yeyote. Mtaa ukihama wote kwa mara moja, itajulikana kuna mdomo uliofunguka, na mdomo huo utatafutwa. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mitaa ya mji ikichomwa mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na haja ya kuuliza ni akina nani watakaopita.

Huyo mwingine yeyote, kwa Fortunat, alikuwa mmoja tu. Mama Dorothée, mjane, jirani yao ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemlea Huguette tangu mama yake mzazi alipofariki. Alimsuka, alimwogesha, na alimchapa alipostahili kuchapwa. Fortunat alikuwa mtu wa kutoka ng'ambo na hakuwa na ndugu hata mmoja Bujumbura. Undugu wote aliokuwa nao mjini ulikuwa wa mwanamke yule.

Sasa, katika mtaa ule mtu hakuachwa aondoke peke yake kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Ukiaga, unasindikizwa, na anayekusindikiza hageuki mpaka wewe mwenyewe useme basi, inatosha, rudi sasa. Na kwa mambo hayo Mama Dorothée alipita wote. Alimsindikiza hata mtu aliyekuja kuomba chumvi. Fortunat alijua akimuaga tu, mama huyo atamnyang'anya begi, atashika njia pamoja nao, atauliza mbona begi ni zito hivi kwa safari ya siku mbili, na hapo uongo wake hautafika hata kona ya kwanza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, akajiambia. Ni methali nzuri sana kwa mtu mwenye woga. Akangoja Mama Dorothée aende bombani na ndoo yake, akamshika mtoto mkono, wakatokea nyuma.

Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwasindikiza, nyumba yao ikawasindikiza.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ya matofali ya udongo, mabati yake yameshika kutu upande wa jikoni. Ilitoka uwanjani taratibu, ikainama kidogo isiguse nyaya za umeme, ikafuata nyuma yao. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa bado ukutani na shati la Fortunat likining'inia. Kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya mlango hakujisumbua kushuka.

"Papa, nyumba inatufuata," akasema Huguette.

"Inatusindikiza. Tembea."

Walipanda kamioneti iliyokuwa ikienda mpakani kuchukua ndagala, dagaa wa ziwani, wakakaa juu ya magunia matupu, na upepo ukamjaza mtoto kinywa. Nyumba ilitembea pembeni mwa barabara kwa adabu, ikipisha magari. Kwenye bariyeri ya daraja la Rusizi askari waliwashusha watu wote, wakasoma karatasi zao, wakafungua mlango wa nyumba, wakachungulia chini ya kitanda, wakaiambia ipite. Huguette aliona viboko wakioga chini ya daraja, mgongo mmoja umekaliwa na ndege mweupe, akataka kujua kama ndege yule ni wa Burundi au wa Zaire. Mtu mmoja kwenye magunia akamjibu kuwa ndege yule ni mjanja, haulizwi karatasi. Watu wakacheka, na Huguette akacheka nao. Alisema safari hii ni nzuri kuliko Krismasi.

Fortunat hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiwaza uwanja wao ulivyobaki: kipande cha udongo mtupu, umbo la nyumba, ukuta wa jirani umeachwa wazi juani. Mama Dorothée angerudi kutoka bombani na kuukuta. Si mjinga yule, akajiambia. Nyumba haitoki kusindikiza mtu wa siku mbili. Ataona, ataelewa, atafunga vitu vyake. Na mimi sitakuwa nimesema neno. Wazo hilo lilimtuliza, hata akamnunulia mtoto biskuti pale Gatumba.

Mpakani palikuwa na foleni. Mtu wa duwane, yaani forodha, alitazama karatasi ya Fortunat, akatazama mtoto, kisha akatazama nyumba.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, chef."

"Inavuka?"

"Apana. Inatusindikiza tu."

"Basi uiambie irudi. Kama inavuka iko na karatasi yake, na leo chef wa karatasi za nyumba hayuko."

Nyumba ilikuwa imesimama katikati ya barabara, ikingoja. Isingegeuka mpaka iambiwe, ndivyo ilivyokuwa desturi, na nyuma yake malori yalikuwa yameanza kupiga honi. Askari wawili walikuwa wamekwisha kuegemea ukuta wake wapate kivuli. Fortunat alikwenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe mwaka aliooa. Alikuwa na maneno mawili tayari ulimini. La kwanza lilikuwa: mwambie Dorothée akimbie. La pili lilikuwa: usirudi, kakae popote, kaingie hata ziwani, lakini uwanja ule ubaki mtupu. Mojawapo lingetosha. Askari mmoja akainua uso kumtazama. Alitaka kuomba sigara tu, lakini Fortunat hakuyajua hayo.

"Basi," akasema Fortunat. "Inatosha. Rudi sasa. Uwasalimie."

"Umusalimie sana Mama Dorothée," akaongeza Huguette.

Nyumba ikageuka. Askari waliokosa pa kuegemea waliyumba, wakachekana. Huguette aliipungia mkono mpaka lori la mafuta likaifunika, kisha akamvuta baba yake, maana Zaire ilikuwa ikimngoja.

Uvira walifikia kwa Nsimire, dada yake Fortunat, mwanamke mkubwa asiyependa maswali. Aliangalia begi, akaangalia kaka yake, akaweka maji jikoni. Kisha akamtembeza Huguette kama alivyostahili mgeni. Walikwenda bandarini Kalundu kuona meli ikipakia saruji, wakapiga picha kwa mpiga picha wa barabarani mwenye pazia lililochorwa maua, na Jumapili baada ya misa wakapanda mlima. Huguette alipanda akikimbia. Kule alikokuona kukiwa buluu maisha yake yote alikuta majani, mawe na mbuzi waliofungwa kamba. Hakusikitika. Aligeuka nyuma, na upande wa pili wa ziwa, mbali, akaiona Bujumbura.

"Kumbe na sisi ni wa buluu," akasema.

Fortunat aliketi juu ya jiwe. Alasiri hiyo moshi ulipanda kutoka mitaa ya kaskazini, mweusi, umesimama wima kwa sababu hapakuwa na upepo. Wanawake waliokuwa wakishuka mlimani na kuni walisimama kidogo wakautazama, wakaendelea kushuka. Mtoto aliuliza ni nini. Baba yake akamwambia wanachoma matete kwenye bonde la Rusizi.

Jumatatu alifika Mwanvua, muuza vitenge wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyezoea kuvuka kila wiki. Nsimire alimpa kigoda uwanjani. Mwanvua alisema amekuja na habari, na kwamba amezipata kwa Irène, mpwa wa Mama Dorothée, aliyefika kwake usiku bila viatu.

Mama Dorothée, alisema Mwanvua, aliporudi kutoka bombani aliukuta uwanja mtupu. Hakumuuliza mtu. Alitua ndoo, akaingia ndani, akafunga nguo na sufuria katika kitenge kimoja, akamwita Irène. Saa sita walikuwa wamefika kona, njia ya Buyenzi, kila mtu na mzigo wake kichwani.

Fortunat alikuwa akiangalia chini.

"Hapo ndipo wakaona nyumba yako inakuja, Papa Huguette. Imechoka, imejaa vumbi, shati lako liko kwenye kamba. Dorothée alicheka, Irène anasema alicheka kama mutoto. Akatua muzigo. Akasema: nyumba imerudi, basi wenyewe wako nyuma. Siwezi kwenda, mutoto asije akakuta kote kumefungwa."

Alirudi nayo hadi uwanjani, Mwanvua aliendelea. Alifagia mbele ya mlango wake na mbele ya mlango wao. Alipika sombe, majani ya muhogo, akamwekea Huguette fungu lake, akalifunika sahani. Jumapili watu wote walipokuwa wakikimbia alimwambia Irène atangulie, yeye atawangoja kidogo tu. Waliopita walimkuta mlangoni pa Fortunat. Yeye wamemzika Wabuyenzi, Mungu amrehemu. Nyumba haikuungua, na imekwisha kupata watu wengine, ambao hawajalalamika kitu.

Nsimire alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Fortunat hakulia. Alisema tu kwamba angemwambia. Alirudia mara nyingi, kwa sauti ndogo, kwamba neno lenyewe lilikuwa ulimini, na Mwanvua, ambaye alikuwa mama wa watu na aliyeona mengi katika miaka ile, akainamia vitenge vyake, akavikunja upya.

Huguette aliingia akikimbia kutoka ziwani, gauni limelowa hadi kiunoni. Alimwamkia Mwanvua, kisha akauliza kama ametoka Cibitoke, na kama nyumba yao ilifika salama na salamu zake.

"Ilifika," akasema Mwanvua.

"Mama Dorothée alifurahi?"

Mwanvua alimtazama Fortunat, akamwachia lile swali.

"Alifurahi sana," akasema Fortunat.

Huguette akasema alijua tu kwamba atafurahi. Kisha akauliza kama kesho, kabla hawajarudi nyumbani, wanaweza kupanda mlima mpaka juu kabisa aone kuna nini nyuma yake. Baba yake akamwambia wanaweza.