Mstari Mmoja Juu ya Kosa

Tangu nianze shule sijawahi kukabidhi daftari chafu, na sisemi hivyo kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu nako kumo. Mama yangu amefundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na moja, na nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja: ukikosea, ukurasa unachanwa, unaanza upya. Hakuna kufuta mpaka karatasi itoboke, hakuna kukatakata. Wageni wakija, kabla hawajakaa sawasawa, daftari langu lilikuwa limeshafika mezani. Nilikua nikijua kwamba mwandiko wangu ni kitu cha kuonyeshwa watu.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, sikwenda kinyonge. Chuo kikuu kilinikubali kusomea uhandisi wa maji kwa sharti moja: kwanza nifaulu kozi ya maandalizi ya mwaka mmoja, ile wanayopewa wageni kama sisi ili tuzoee lugha yao, hesabu zao na namna yao ya kusoma. Tulikuwa kumi na wanane kutoka nchi kumi na moja. Lugha ilinisumbua mwezi wa kwanza, kisha ikashika adabu. Hesabu hazikunisumbua kabisa. Wiki ya pili wenzangu walikuwa wameshanibatiza Bi Rula, na jina lilinipendeza, maana kweli rula haikunitoka mkononi.

Likabaki somo la maabara. Mwalimu wake alikuwa mama mwembamba mwenye koti jeupe la madoa na penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Siku ya kwanza alimpa kila mmoja daftari lenye jalada jeusi na kurasa zilizopigwa namba, akatueleza kwamba humo hakuna kuchana wala kufuta. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, na uandike pembeni sababu yake. Nilimsikia vizuri sana. Nikajiambia hiyo ni sheria ya daftari la kazi, la kushikwa kwa mikono yenye matope. Mwalimu gani mwenye akili timamu angetaka kupewa kitu cha aina ile mwisho wa muhula?

Kazi yetu ilikuwa kupima kasi ya maji yanayopita kwenye mchanga. Unajaza mchanga kwenye bomba la kioo, unamimina maji juu, unakinga yanayotoka chini, na kila dakika unasoma ni mililita ngapi. Tulifanya hivyo wiki nane. Mwenzangu wa meza, kijana tuliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, alikuwa akimalizia hesabu zake kantini, na daftari lake lilikuwa na alama ya kikombe cha kahawa karibu kila ukurasa. Nilimwonea huruma.

Wiki ya mwisho nilinunua daftari jingine lenye jalada lile lile, nikakaa nalo Jumamosi na Jumapili. Vichwa vya habari kwa wino mwekundu, majedwali kwa rula, michoro ya kupendeza. Namba chache zilizokuwa zimekaa kombo nikaziacha huko huko, maana zilichafua jedwali. Lile la zamani nikalitupa kwenye pipa la karatasi la hosteli. Jumatatu nikakabidhi kazi yangu kifua mbele, nikisubiri kusifiwa.

Jumatano mwalimu aliniita ofisini. Daftari langu lilikuwa mbele yake, wazi. Alikiri kwamba hajawahi kuona mwandiko kama ule. Kisha akaniuliza la kwanza liko wapi, nikamwambia nimelitupa kwa sababu lilikuwa chafu.

"Basi umetupa kazi yako," alisema. "Hii hapa ni picha yake tu, na picha yenyewe umeipaka poda. Namba zako zote zinakubaliana. Mchanga haujawahi kuwa na heshima kiasi hiki."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Bila daftari la kwanza hawezi kunipa alama. Bila alama ya maabara sifaulu kozi, na nisipofaulu kozi, chuo kikuu kinampa mwingine nafasi yangu. Nilikwenda mbio hadi hosteli. Pipa lilikuwa tupu, na mfanyakazi wa usafi akaniambia gari la taka lilipita tangu jana. Nikarudi jasho likinitoka, nikasema sinalo. Mwalimu akaniambia nije Ijumaa saa tatu asubuhi. Atanipa daftari jipya, nitafanya jaribio moja tangu mwanzo, naye atakuwa amekaa pale pale. Alama zitatokana na nitakachoandika siku hiyo, basi.

Hapo ndipo nilipompigia Mama simu, na sikumpigia kwa adabu. Kwanza nilimweleza, kisha nikamlaumu. Nilimwambia yeye ndiye aliyenizoesha kuchana, kwamba mkono wangu hauwezi kuliacha kosa linitazame, na nikirudi nyumbani mikono mitupu asiniulize sababu. Nilikuwa naogopa sana, na hofu yangu siku zote hutoka kama hasira. Hakunikatiza. 

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Ijumaa ukikosea, mwanangu, usichane. Mimi nimekuruhusu."

Nilitaka kucheka. Mtu mzima wa miaka ishirini anapewa ruhusa kama mtoto wa darasa la pili. Lakini nilipokata simu, mabega yangu yalikuwa yameshuka.

Ijumaa sikuingia maabara kama mshtakiwa. Kupima najua. Mwalimu alikaa pembeni, nami nikajaza mchanga, nikamimina maji, nikaanza kuandika. Dakika ya kwanza, mililita arobaini. Ya pili, arobaini na moja. Ya tatu, ishirini na tisa.

Niliitazama ile ishirini na tisa. Nilikuwa naijua, ilikuwa ndugu wa zile nilizozitupa. Vidole vyangu vilikuwa vimeshashika kona ya ukurasa, vimeanza kuukunja. Nikakumbuka ruhusa yangu, nikaachia. Kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nikainama kuuangalia mchanga wenyewe. Katikati ya bomba palikuwa na uwazi mdogo unaong'aa, kiasi cha punje ya mchele. Hewa. Nilikuwa nimeumimina mchanga mkavu, ukaingia na hewa, na hewa ikawa inayabania maji njia. Wiki nane nilifanya hivyo hivyo, na kila mchanga uliponiambia, nilikataa kusikia. Nilijiona mjinga, na papo hapo nikafurahi kupita kiasi.

Nikapiga mstari mmoja juu ya jedwali zima. Mkono uligoma kidogo katikati, kisha ukaendelea. Pembeni nikaandika kwamba nimekosea, kwamba mchanga uliingia mkavu ukabeba hewa, na kwamba naanza tena kwa mchanga uliolowekwa. Mstari wenyewe haukunyooka, kwa sababu sikutumia rula.

Nilipomaliza duru ya pili, ambayo ilikwenda vizuri, mwalimu alikuja kusoma. Jedwali zuri alilipita haraka. Alisimama kwenye lile lililopigwa mstari, akachomoa penseli kichwani, akaweka alama ya vema kando yake.

"Hapa ndipo nimekuona," alisema.

Nilipata sabini na nne, na nafasi yangu ikabaki yangu. Profesa na vikombe vyake alipata themanini na moja, na mpaka leo hajaacha kunikumbusha.

Nilimtumia Mama picha ya ule ukurasa wenye mstari. Nilipoituma tu, nikadhani nimemtia aibu. Kisha kwenye simu ikaingia picha kutoka kwake. Ilikuwa karatasi ya daftari la darasa la pili, ubavu mmoja umechanika, imenyooshwa kwa pasi. Juu palikuwa na hesabu ya kutoa niliyoikosa, kwa mwandiko wangu wa utotoni. Chini, kwa wino mwekundu, Mama alikuwa ameandika tarehe na maneno haya: "Amesahau kukopa kwenye makumi. Kesho nimfundishe kwa vijiti."

Ikaingia ya pili, na ya tatu. Zilifika kumi na nne, nami nikaketi kwenye ngazi za maabara nikilia bila kujificha. Mwisho ukaja ujumbe.

"Ninazo zote, kwenye sanduku la vyeti. Zile safi nilikuwa nawaonyesha wageni. Hizi nilikuwa nazisoma mimi."