Nyuma ya Vigae vya Elinaza

"Jumamosi nakuja kumchukua mama," Frederick alisema kwenye simu. "Unyevu wa chumba kile utamuua kwa kikohozi."

Vaileth hakubishana na shemeji yake. Nyumba ile ya Makumira aliijenga marehemu mumewe, Elinaza, kitinda mimba, na kwa mila yao mama huzeekea kwa kitinda mimba. Mama mwenyewe hakutaka kuhamia kwa Frederick, Ngaramtoni. Lakini ukuta wa chumba chake, ule uliopakana na bafu, ulikuwa umeota ukungu tangu masika.

Kila Frederick alipokuja alipaka saruji nyeupe kwenye maungio ya vigae, akajisifu, akaondoka. Ukuta ukalowa tena. Safari hii Vaileth aliziba tundu la sakafu ya bafu kwa kitambaa, akajaza maji, akachora mstari yalipofikia. Asubuhi maji yalikuwa palepale; vigae havikuvuja. Akafunga bomba zote, akaenda kutazama mita ya maji: ilikuwa ikizunguka taratibu. Basi kosa lilikuwa ndani ya ukuta.

Jumamosi Frederick alimkuta ameshika nyundo na tindo.

"Shemeji, vigae hivyo alivibandika Elinaza kwa mikono yake."

"Hakuvibandika ili mama yake akohoe."

"Kwani wewe fundi?"

"Wewe je, fundi wa kupaka poda?"

Mama, aliyekaa kwenye kigoda koridoni, alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mama, begi lako liko wapi?" Frederick akauliza.

"Sijafunga."

Vaileth akagonga. Kigae cha kwanza kilimuuma moyo, vilivyofuata, hapana. Nyuma ya vigae kiwiko cha bomba kilikuwa kinatoka jasho. Elinaza, mtu wa haraka, alikuwa amekikaza bila tepu ya kuzuia maji. Vaileth akafunga koki kuu, akakifungua, akazungusha tepu, akakaza, akafungulia maji. Hakuna tone. Akaenda kwenye mita; ilikuwa imesimama.

"Ukuta bado umelowa," Frederick akasema. "Mama hawezi kulala humo."

"Atalala chumbani kwangu mpaka ukauke. Mimi nitalala sebuleni."

"Na bafu limebaki limebomoka hivi? Watu watasema nini?"

"Watu gani wanaooga humu?" mama akauliza.

Mama akainuka, akashika fimbo yake, akampita Frederick.

"Baba, maadamu umekuja na nguvu zako, nibebee godoro. Lipeleke kwa Vaileth."

Frederick akavua koti.