Njoo na Mzazi

Kitsao alikuwa na miaka arobaini na miwili alipofukuzwa chuoni na kuambiwa asirudi bila mzazi.

Chuo chenyewe, cha ufundi, kilikuwa Tononoka, na mwaka huo wa tisini na nne kilikuwa kimefungua milango kwa watu wazima walioacha shule zamani. Kitsao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Mwembe Tayari tangu ujana wake, na madereva wa mabasi ya bara walimjua kwa jina. Lakini gereji kubwa zilikuwa zimeanza kudai cheti. Asiye nacho hupewa kazi ya kuwashikia wenzake taa. Ndipo akaingia darasani, akaketi na vijana wa umri wa wanawe.

Asubuhi ile rejeta iliyokuwa ikivuja maji ya basi lililojaa abiria ilimchelewesha. Alimkuta Mwalimu Riyadh, kijana wa Kibokoni ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua, amewapanga waliochelewa mlangoni, wamepiga magoti.

"Na wewe, mzee. Chini."

"Magoti nampigia Mungu," Kitsao akasema. "Nawe hujafanana naye."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu wa chuo, Bi Nanjala, aliyekuwa akipita, hakucheka.

"Kanuni haina umri, Bwana Kitsao. Jumatatu uje na mzazi, ama usije kabisa."

Adhabu nyingine yoyote angeibeba. Hiyo ilimkuta pabaya. Mwaka wa sitini na saba, kwao Kaloleni, mwalimu alimwambia maneno hayo hayo kwa ajili ya kioo cha dirisha alichovunja. Baba yake, Mzee Tsofa, alikuwa mgema. Alimsikiliza akiwa juu ya mnazi, akasema ana kazi. Kesho yake akasema ana kazi. Kitsao akangoja mpaka kungoja kukamchosha, akadandia lori la nazi lililomteremsha mjini, kwenye soko la Marikiti. Masomo yakaishia hapo. Tangu siku hizo alikwenda kwao kuoa na kuzika tu, na yeye na baba yake walizungumza habari za mvua.

"Babako yu hai," alisema mkewe, Mejumaa. "Mwite."

"Hakuja nikiwa mtoto, aje leo nina mvi?"

"Basi acha chuo, Baba Ngowa."

"Siachi."

"Basi mwite."

Kitsao akatoka nje akavute sigara.

Kesho yake alimwendea rafiki yake Kavumbi, hamali wa Marikiti. Kavumbi alimzidi miaka michache tu, lakini meno ya mbele yalikuwa yamemhama mapema, yakamwachia sura ya kizee.

"Nitakuwa babako," Kavumbi akasema. "Ila ukinijibu vibaya mbele za watu nitakuzaba kofi. Baba ni baba."

"Hutasema kitu. Utakohoa tu."

Jumatatu Kitsao alitoka mapema akampitie. Wakaingia ofisini, Kavumbi ndani ya kanzu ya kuazima, wakakuta kiti cha wageni kina mtu. Mzee Tsofa alikuwa ameketi, koti limefungwa hadi shingoni, fimbo mapajani. Viatu alivyovaa mzee, Kitsao alivijua: vilikuwa vyake yeye Kitsao, vile vya harusi. Hapo akafahamu kwamba Mejumaa alikuwa amempa utingo wa basi la Kaloleni salamu pamoja na viatu.

"Na huyu ni nani?" Bi Nanjala akauliza.

Kavumbi akakohoa. "Baba yake." Kisha akamwona mzee. "Mdogo. Baba mdogo."

Mzee Tsofa akamtazama toka juu hadi chini. "Mama yangu alikufa bila kuniambia."

Bi Nanjala alijikaza asicheke. "Mzee, unajua tumekuitia nini?"

"Kile kioo."

"Kioo gani?"

"Alichovunja. Niliitwa mwaka wa sitini na saba. Walimu wote walikuwa na viatu, mimi sina. Nikaona nitamtia mwanangu aibu, nikasema nina kazi. Leo nimekuja. Nimechelewa."

Kitsao akageuka kuangalia dirishani.

Mwalimu Riyadh akaeleza kosa lenyewe, kwa sauti ya chini kuliko ya siku ile.

"Kwa hiyo hapa anayechelewa hupiga magoti?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Haya." Akaegemeza fimbo ukutani, akashika meza, akaanza kushuka.

Riyadh alimdaka kwapani kabla goti halijagusa sakafu. "La, baba! Tafadhali!" Kitsao alikuwa ameshamshika upande wa pili.

"Mketisheni," Bi Nanjala akasema. "Kuanzia leo anayechelewa atafagia karakana. Magoti basi. Na wewe, Bwana Kitsao, ufagio uko nyuma ya mlango. Lakini kwanza kuna mtu ulimtukana."

"Niwie radhi, mwalimu," Kitsao akasema. Maneno hayakutoka kwa urahisi, lakini yalitoka.

"Yamekwisha," Riyadh akasema.

"Na mimi?" Kavumbi akauliza.

"Wewe rudisha kanzu ya watu."

Mzee Tsofa aliketi mlangoni mwa karakana, amevua vile viatu kwa kuwa vilimbana, akimtazama mwanawe akifagia.

"Pale pembeni umeacha," akasema.

Kitsao akarudi pembeni, akafagia.