Vibuyu Viwili vya Ihembe

Zamani kura za Ihembe hazikuwa na muujiza wowote. Wakatoliki wa mlimani walisimama nyuma ya Mkatoliki, Walutheri wa bondeni nyuma ya Mlutheri, na wapangaji wa Rwegoshora, wawe wa dini yoyote, walisimama nyuma ya Rwegoshora. Basi. Huyo ndiye aliyekuwa mkungu, mkuu wa kijiji. Sehemu kubwa ya migomba yetu ilikuwa juu ya ardhi yake ya nyarubanja, na aliyelima humo alikaa kwa hisani yake tu. Kila mara chama cha kahawa kilipochagua mwenyekiti, watu walipanga mistari uwanjani mchana kweupe, na mkungu, ambaye ndiye aliyeshinda siku zote, alikaa kitini akizisoma nyuso. Nani angethubutu?

Mpangaji mmoja, Kashaija, alithubutu. Alisimama kwenye mstari wa Elpidius, mkulima wa mlimani, aliyetaka kahawa ipimwe kwa zamu badala ya ndugu za mkungu kutangulia huku wengine wakikauka juani. Haukupita msimu, Kashaija akafukuzwa kwenye kibanja chake, shamba na nyumba, yeye na mkewe na mikeka yao, na migomba yake akapewa mpwa wa mkungu. Jirani yake, Ndyamukama, alisimama mlangoni akiwatazama wakipita, na hakufungua mdomo. Angesema nini? Naye alikuwa mpangaji. Baba yake alikuwa amezikwa humo humo kibanjani kwake, chini ya migomba. Lakini siku ile alijichukia vibaya sana.

Uchaguzi uliofuata, karani wa chama, kijana mmoja wa Bukoba aitwaye Melkiory, akatangaza kwamba safari hii kura ni ya siri. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Siri! Hapa Ihembe, ambako ukikohoa ndani kwako jirani anakuuliza umekunywa dawa gani!

Asubuhi ya siku yenyewe Rwegoshora akawaita wapangaji nyumbani kwake. Mkewe, Kokubanza, akazungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa. Kahawa hiyo haikataliwi, jamani. Ukiitafuna kwa mtu mmekuwa ndugu, na kumgeuka baada ya hapo ni aibu ya kukufuata mpaka kaburini.

"Tafuneni, wanangu," mkungu akasema. "Leo ni siku yetu."

Ndyamukama akatafuna.

Uwanjani, Melkiory alikuwa amejenga kibanda cha majani ya migomba, na ndani yake ameweka vibuyu viwili. Chenye kamba shingoni kilikuwa cha Rwegoshora, kisicho na kamba cha Elpidius. Vyote alivitandika nyasi ndani, ili kura ikianguka isisikike nje. Kila mtu angepewa punje moja ya kahawa kavu na kuingia peke yake.

Akaanza mzee Placidius. Akaipokea punje kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akaitia mdomoni.

"Mzee, shikamoo, lakini hiyo ni kura!" Melkiory akapiga kelele.

"Marahaba. Kura gani tena? Si umenikaribisha kahawa, mwanangu?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wazee waliofuata nao wakatafuna kura zao vilevile, mkono umeshazoea, mpaka karani akaona isiwe taabu, akaweka kahawa pembeni na kugawa punje za mahindi. Aliyecheka kuliko wote ni mkungu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Zamu ya Ndyamukama ikafika. Akaingia, pazia la majani likafunga nyuma yake, na loo! Hakuna jicho. Mtu mzima na mvi zake, na hajawahi hata mara moja kuchagua kitu bila kutazamwa. Alitaka kuiangusha punje kwenye kibuyu cha kamba atoke zake. Utamu mchungu wa ile kahawa ya asubuhi ulikuwa bado kwenye ulimi wake. Halafu akakumbuka kwamba Kashaija naye alitafuna kahawa ya Rwegoshora, miaka na miaka, na Rwegoshora akatafuna ya Kashaija. Sasa nani alimgeuka mwenzake kwanza? Mkono ukaenda wenyewe kwenye kibuyu kisicho na kamba. Akatoka nje akiwa na hakika kwamba ni yeye peke yake mwendawazimu Ihembe nzima, na kwamba kibanja cha baba yake kimekwenda.

Jua lilipopinda, Melkiory akavimimina vibuyu juu ya mikeka. Cha Rwegoshora kilitoa mahindi ya kujaza kiganja. Cha Elpidius, mama yangu, kilimwaga, kikamwaga, kikaendelea kumwaga! Hakuna aliyeshangilia. Watu waliduwaa. Walutheri waliwatazama Wakatoliki, wapangaji wakatazamana wao kwa wao, na Ndyamukama akahisi nywele zinamsimama. Kumbe kila mmoja alikuwa ameingia mle ndani akidhani yuko peke yake.

Rwegoshora akainuka kitini. Akawapitia wapangaji wake mmoja mmoja.

"Wewe ulimpa nani?"

"Wewe, mkungu."

"Na wewe?"

"Wewe, baba. Nani mwingine?"

Kadiri alivyosogea ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka. Kuwafukuza wote hawezi, nani angelima? Na katikati yao wamo waliompa kweli, asijue ni akina nani, na hao alikuwa anawahitaji sasa kuliko jana. Akafika kwa Ndyamukama.

"Na wewe, Ndyamukama?"

"Wewe, mkungu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho.

Rwegoshora aliusoma uso ule kwa muda mrefu. Haukumwambia kitu. Basi yule mkubwa, ambaye hakuna mpangaji aliyewahi kumsikia akimshukuru mtu, akafungua mdomo.

"Asante," akamwambia.