Foleni ya Ndala

Kliniki yetu ilianzia sebuleni kwa shangazi yangu, mkunga mstaafu asiyejua kustaafu. Wanawake wa mtaa walikuwa wakienda hospitali kuu, wanasimama kutwa, kisha wanarudi na watoto wao bila kuonwa na mtu. Shangazi akachoka kusikia. Akatoa makochi nje, akaingiza kitanda na mizani, mume wake akabaki hana pa kukaa. Miaka yote, marehemu mjomba alisikilizia redio yake jikoni, wala hakulalamika, au alilalamika na hakuna aliyemsikia.

Sebule ilipofurika tukahamia kwenye bucha lililofungwa. Kulabu za nyama bado ziko darini, na mpaka leo ndizo tunazotundikia dripu. Fundi baiskeli wa mtaani, mara ya kwanza kulazwa chini ya kulabu hizo, alimwuliza Shangazi, "Mimi unaniuza kwa kilo au mzimamzima?"

"Wewe mifupa mitupu," akamjibu. "Nakugawa bure."

Lakini kilichotupa jina ni ndala. Zamani watu waligombania foleni, mgonjwa kwa mgonjwa, mpaka siku moja wakasukumana na mjamzito akaanguka. Shangazi alitoka na hasira zake zote. "Vueni ndala, zipangeni hapo ukutani, nyinyi kaeni kivulini. Ndala haziugui, acheni zisimame zenyewe."

Tangu siku hiyo ndala ndizo zinazopanga foleni, kuanzia mlangoni kwenda mpaka kwenye bomba la maji. Sheria ni kwamba ndala za mwenzako haziguswi. Mahututi anaingia moja kwa moja, na mtoto mwenye degedege vilevile. Wengine wote ni zamu. Bwana mmoja wa gari kubwa aliwahi kuacha viatu vyake vya kung'aa nyuma ya ndala za mama mfua nguo, akangoja peku kama sisi. Siwezi kudanganya, nilifurahi mno.

Sasa muuguzi ni mimi, na Shangazi amezeeka. Mwaka huu nikaanza kumwona anachechemea. Maji anakunywa kama aliyelamba chumvi, na kwenye joto hili lote anavaa soksi.

"Shangazi, njoo nikupime sukari."

"Nimepima watu kabla hujaota meno."

"Basi nionyeshe huo mguu."

"Ni uzee tu. Uzee nao una dawa?"

Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutoka kinywani ikiwa ukali, tumerithiana. Nikamwambia kweli mganga hajigangi, na kwamba wale wote aliowagombeza kwa kuficha vidonda wangemcheka. Aliinuka akaenda zake, na wiki nzima hakukanyaga kliniki.

Kisha asubuhi moja, siku ya daktari anayetujia mara moja kwa wiki, nikapita kwenye foleni na kuona ndala za bluu mwisho kabisa, kando ya bomba. Nazijua, nilimnunulia mimi. Ukanda wa ile ya kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa, na kitambaa kimelowa usaha. Nzi walikuwa wameshapata habari.

Nilimkuta kwenye benchi, mguu ameufunika kwa shuka. Nikaufunua bila kuomba ruhusa. Kidole gumba kilikuwa cheusi.

"Ingia ndani sasa hivi."

"Zamu yangu haijafika."

"Shangazi, wewe ni mahututi!"

"Mahututi habishani," akasema.

Nikamkimbilia daktari. Alinisikiliza, akaacha kuandika. "Mlete. Leo huenda kikapotea kidole tu. Lakini saa sita nakwenda kituo kingine, na hapa narudi wiki ijayo. Akingoja mpaka hapo, mguu utakatwa."

Nikarudi nje, nikaitazama foleni. Ilikuwa ndefu, saa sita isingemkuta hata katikati. Nikamsihi. Nikamshika mikono.

"Sheria niliiweka mimi," alisema. "Nikiivunja mimi, kesho nani ataishika?" Akaegemea ukuta, akafumba macho.

Nilitamani nizichukue zile ndala nizibwage mlangoni, lakini namjua. Angezivaa arudi nazo nyumbani. Nikabaki nimesimama pale nalia, muuguzi mzima na sare yangu.

Aliyeinuka kwanza ni mama mfua nguo. Alikuwa wa pili kutoka mlangoni, na alikuwa ameshaona kitambaa na nzi wake. Aliokota ndala zake, akatembea peku mpaka bombani, akaziweka nyuma ya zile za bluu. Fundi baiskeli akafuata huku anakohoa. Halafu mama wa mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, ndala zake kazibana kwapani. Kisha wakanyanyuka wote, kila mtu na zake mkononi, wakatupita kimya kimya kama watu wanaopita penye mtoto aliyelala.

Nikamgusa bega. "Shangazi, zamu yako."

Alifumbua macho. Akatazama mlangoni, akatazama ukuta ulivyobaki mtupu, na sura ikamkunjamana. Ile sauti ya zamani ikatoka. "Nani kagusa ndala zangu?"

"Hakuna aliyezigusa. Ziko palepale ulipoziacha."

Aligeukia bombani. Akaziona zake zimetangulia, na za mtaa mzima zimejipanga nyuma yake mpaka zinakata kona. Nusu ya wenye ndala zile aliwazalisha yeye, na sasa walikuwa wamekaa kivulini wanajifanya kuangalia mawingu. Akazitazama jozi moja moja. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Akaninyooshea mkono, yeye asiyekubali kushikwa na mtu.

"Haya, nishike," alisema. "Na polepole. Mguu unauma."